Kijana kaitwa timu ya besiboli ya kusafiri, summer nzima na dola 2,400: nikubali?

Swali limetoka kwa dada mmoja anayeishi Marietta, Georgia, nimelifupisha kidogo:

"Mwanangu ana miaka 11, anatimiza 12 mwezi wa tatu. Besiboli anacheza ligi ya mtaani, ni pitcha, yaani ndiye anayemrushia mpigaji mpira, na siku asiporusha anakaa kecha, yule anayedaka nyuma ya mpigaji. Sasa kuna timu ya travel imemchagua, wanataka dola 2,400, mashindano karibu kila wikiendi kuanzia Aprili mpaka mwisho wa Julai na wiki moja Cooperstown, New York. Kochi anasema mtoto ana kipaji cha scholarship. Mume wangu anasema huo ni wizi mtupu. Mimi nafanya kazi usiku, wikiendi mbili kwa mwezi nipo hospitali, halafu tulishapanga Julai twende Dar, bibi yake hajamuona tangu akiwa na miaka 5. Tena juzi kaniambia kiwiko kinamuuma kwa ndani akirusha. Nifanyeje?"

Dada yangu habari za huko. Kiwiko umekitaja mwishoni kabisa kama kitu cha kupita tu, mimi ndio naanzia hapo, hela na Cooperstown tutazifikia.

Mtoto wa miaka 11 akisema kiwiko kinamuuma kwa ndani akirusha, anaacha kurusha leo. Leo leo yaani, na harushi tena mpaka daktari amuone. Najua wazazi wenzio pale uwanjani watakuambia ni misuli tu, mpe Tylenol, weka barafu, Jumamosi atakuwa fresh. Achana nao, wengine wanasema hivyo kwa sababu timu haina pitcha mwingine.

Iko hivi. Mifupa ya mtoto bado ina sehemu laini ambazo ndio zinakua, ni gegedu halijawa mfupa kamili, na pale kwa ndani ya kiwiko kuna moja ambayo misuli ya mkono na ligamenti vyote vimejishikiza hapo hapo, kwahiyo kila akirusha kwa nguvu panavutwa. Mtu mzima akizidisha kinachochanika ni ligamenti, mtoto akizidisha kinachoachia ni ile sehemu laini maana ndio dhaifu kuliko vingine vyote. Huku wanaita Little League elbow, kwa jina la zile ligi za mtaani za watoto, na kila ukifika mwezi wa nne wa tano naletewa watoto wa namna hiyo, kazi yangu ni kuhudumia wanamichezo wa shule na wikiendi nasaidia ukochi kwenye hizi hizi timu za travel. Ikiwahiwa haina shida, mara nyingi daktari anamsimamisha kurusha wiki nne mpaka sita halafu anarudi kwa hatua, leo umbali mfupi, wiki ijayo mrefu kidogo. Ikipuuzwa kile kipande kinaweza kung'oka kabisa na hapo mtakuwa mnaongelea upasuaji na skrubu kwenye kiwiko cha mtoto wa shule ya msingi. Anza na daktari wake wa kawaida, mwombe rufaa ya daktari wa mifupa wa watoto anayeona wanamichezo, na usishangae wakipiga eksirei viwiko vyote viwili, wanalinganisha kinachouma na kizima.

Sasa mbona nimekomaa na kiwiko wakati wewe umeuliza timu? Kwa sababu hayo mengine yote, hela, safari, Dar, yanategemea mkono wa huyo kijana utatumikaje toka Aprili mpaka Julai, na hao waliomchagua hawajakuambia neno hata moja kuhusu hilo, wamekuambia scholarship.

Kuna mwongozo unaitwa Pitch Smart, MLB (ligi kuu ya besiboli Marekani) na USA Baseball waliutoa mwaka 2014 baada ya kuona vijana wadogo wanavyojaa kwa madaktari wa upasuaji. Kwa mtoto wa miaka 11 na 12 unasema asizidishe mipira 85 kwa siku akiwa pitcha. Hiyo 85 ndio kila mtu anaikumbuka, wakati zinazomlinda mtoto hasa ni zile za mapumziko: akirusha mipira 21 mpaka 35 anapumzika siku 1, akirusha 36 mpaka 50 siku 2, 51 mpaka 65 siku 3, kuanzia 66 siku 4. Halafu kwa mwaka mzima asipite inningi 80, inningi ni vile vipindi vya mechi, na miezi minne ndani ya mwaka asirushe kabisa, na miwili au mitatu kati ya hiyo iwe mfululizo.

Chukua hizo namba uziweke kwenye wikiendi ya travel uone. Jumamosi mnacheza mechi mbili za makundi, moja labda saa mbili asubuhi, nyingine saa tisa alasiri, katikati mmekaa kwenye viti vya kukunja juani. Jumapili ni mtoano, ukifungwa unaenda nyumbani, ukishinda unaendelea, kwahiyo timu ikifika fainali imecheza mechi nne au tano ndani ya siku mbili. Sema kila mechi pitcha wa timu yenu wanarusha mipira 80 hivi, mechi tano ni 400. Mtoto aliyerusha 40 Jumamosi asubuhi, kwa mwongozo hana ruhusa ya kupanda kilimani pa kurushia Jumapili nzima. Yaani timu inayoheshimu hizo namba inahitaji watoto saba nane wanaoweza kurusha kweli, na timu nzima ina watoto 11 au 12. Timu nyingi nilizoziona wana watatu wa kutegemewa, basi. Sasa fikiria Jumapili saa tisa, nusu fainali, watatu wote wameshatumika, kochi anamwangalia mwanao aliyerusha 45 jana yake, anamuuliza mkono vipi? Hakuna mtoto wa miaka 11 atakayejibu unauma kocha, mbele ya wenzake, kuna pete ya ubingwa mezani inang'aa. Atasema niko poa.

Na usidhani sheria za mashindano zitamzuia kochi. Mashindano mengi ya travel yanahesabu inningi, hayahesabu mipira, na inningi moja inaweza kwisha kwa mipira 9 au ikaenda mpaka 35 siku ambayo watetezi wanadondosha kila kitu. Kwenye karatasi zote mbili zinaandikwa inningi moja. Ndio maana mzazi unanunua kile kidude cha kubonyeza cha kuhesabia, au unatumia programu ya simu, unakaa unahesabu mwenyewe. Wengine watakucheka, we hesabu tu.

La kecha sasa. Umesema asiporusha anakaa kecha, hapo ndipo nilipoguna. Kecha anarudisha mpira kwa pitcha kila mara, anarusha besi ya pili kuwakamata wezi wa besi, wale wanaokimbilia besi inayofuata kabla mpira haujapigwa, mkono haupumziki. Pitch Smart inasema wazi pitcha asiwe kecha siku ambazo harushi, na Little League yenyewe ina sheria kwamba mtoto akirusha mipira 41 au zaidi haruhusiwi kukaa kecha siku hiyo, na akikaa kecha inningi 4 haruhusiwi kurusha. Kwenye travel ukitaka hiyo kinga inabidi uiombe wewe. Tena huku besi za kuiba ni nyingi, Little League umri wake mkimbiaji hatoki kwenye besi mpaka mpira ufike kwa mpigaji, travel anatoka mapema anavyotaka, kwahiyo kecha ana kazi mara mbili. Na umbali wa kurushia unaongezeka, kutoka futi 46 za Little League mpaka futi 50 kwa umri wa 12U, yaani miaka 12 kushuka. Futi nne zinaonekana kidogo, kwenye mkono wa mtoto ni nyingi, miezi miwili ya mwanzo utaona mipira inadondoka chini na yeye anaongeza nguvu ili ifike.

Kuna utafiti wa kituo kinaitwa ASMI, pale Birmingham, Alabama, jirani zenu kabisa, cha daktari James Andrews aliyewapasua wachezaji wakubwa kibao. Mwaka 2006 walilinganisha vijana waliofanyiwa upasuaji wa mkono na wenzao ambao hawajaumia, wakakuta waliokuwa wanarusha zaidi ya miezi minane kwa mwaka walikuwa kwenye hatari mara 5 ya kufika kwenye upasuaji, na waliokuwa na tabia ya kurusha mkono umechoka ni mara 36. Thelathini na sita dada. Na ule upasuaji maarufu wa ligamenti ya kiwiko, Tommy John, ambao daktari Frank Jobe aliufanya mara ya kwanza 1974 kwa pitcha wa Dodgers mwenye jina hilo, ulikuwa wa watu wazima wanaolipwa, ila walipoangalia rekodi za bima za Marekani za 2007 mpaka 2011 zaidi ya nusu ya waliofanyiwa walikuwa na miaka 15 mpaka 19. Mwanao bado mdogo kwa hilo, kwake tatizo ni hiyo sehemu laini niliyosema, lakini hao wa miaka 16 walianzia hapo hapo alipo yeye sa hivi.

Basi kabla hujatuma hata senti, mwandikie kochi meseji, kwa maandishi tafadhali, usiongee naye pale kwenye parking mkiwa mnacheka. Muulize wikiendi moja anategemea watoto wangapi kurusha. Muulize anahesabu mipira au inningi, nani anahesabu, na mzazi anaweza kuona hiyo hesabu. Muulize kama mwanao ataondolewa kabisa kwenye kecha msimu huu. Mwambie kiwiko kinauma na daktari anaweza kumsimamisha mpaka tarehe fulani, je akirudi atacheza besi ya kwanza au nje kule uwanjani, na atapiga tu, bila kurusha? Kochi mzuri hapo atafurahi, na mara nyingi atakujibu kwa kirefu kuliko ulivyouliza. Akikujibu "tunawaangalia vizuri watoto wetu, usijali mama", hujajibiwa. Akikuambia hapa hatulei watoto laini, chukua begi lako.

Hilo la scholarship nalisema haraka maana halina mengi. Kochi wa chuo cha Division I, ngazi ya juu ya michezo ya vyuo, kwa sheria za NCAA (chama cha michezo ya vyuo) hawezi kuanza mawasiliano ya kumsajili kijana kabla ya Agosti 1 anapoingia mwaka wa tatu wa high school, yaani mwanao bado miaka kama minne. Hakuna anayewaandika watoto wa 12U kwenye daftari, na hata wangeandika, mtoto wa miaka 12 ambaye ameshaota ndevu anawapiga wenzake leo halafu wakifika 15 wote wamelingana naye. Katika vijana wanaocheza besiboli high school Marekani nzima, kwa namba za NCAA wenyewe, wanaoenda kucheza chuo ngazi zote ni kama 7 katika 100, Division I ni kama 2. Na miaka mingi Division I besiboli ilikuwa na scholarship 11.7 za kugawana kikosi cha watu 35, wengi walipata kipande tu, robo ya ada na kadhalika. Kuanzia msimu wa 2025-26 sheria imebadilika, vyuo vilivyoingia kwenye ule utaratibu mpya wa kuwalipa wachezaji wanaweza kulipia wote lakini kikosi mwisho 34, na sio kila chuo kina hela hizo. Kochi anayemtajia mama wa mtoto wa miaka 11 neno scholarship anauza kitu. Simuiti tapeli, labda anaamini mwenyewe, ila hiyo sababu itoe kabisa kwenye hesabu zako ubaki na zile za kweli: mtoto anaupenda mchezo? Anataka kucheza na wanaomzidi? Ana marafiki pale? Hizo zinatosha kabisa kumfanya mzazi alipe, mimi nalipa kwa sababu hizo hizo.

Shemeji anasema wizi. Mwambie namuelewa, ila ni biashara, na ukijua inavyotembea unajua pa kubana. Ile 2,400 kwa kawaida inaenda kwenye ada za mashindano, jezi, ukumbi wa mazoezi ya ndani kipindi cha baridi, bima, na kochi kama analipwa. Haimo hoteli, mafuta, chakula, wala kiingilio cha getini, maana ndio, mzazi unalipa kiingilio kumuona mwanao mwenyewe akicheza, siku ya kwanza nilidhani mtu ananitania. Mashindano ya mbali mengi yana masharti ya kulala kwenye hoteli walizochagua wao, timu isipolala huko haichezi, kwahiyo usiweke booking ya hoteli ya bei poa kabla hujauliza. Halafu magongo. Kama ligi yenu ya mtaani ni ya Little League gongo lake lina muhuri wa USA, huku wenzake watakuwa na yenye muhuri wa USSSA, shirika la mashindano ya travel, ambayo yanarusha mpira mbali zaidi, jipya linaweza kula dola 300 na ushee, na hilo huwezi kurudi nalo Little League. Nunua lililotumika, watoto wanakua kila mwaka na gereji za watu zimejaa magongo yaliyopigiwa miezi sita.

Taasisi ya Aspen ambao wanafuatilia haya mambo ya michezo ya watoto walisema mwaka 2024 familia ya Marekani ilitumia wastani wa dola 1,016 kwa mwaka kwa mchezo mkuu wa mtoto mmoja, imepanda asilimia 46 toka 2019. Nyie mtaanza na 2,400 kabla ya hoteli. Swali la kumuuliza mkurugenzi wa klabu, na hili ulize bila aibu: mwanangu yuko kikosi gani? Klabu kubwa za huko Georgia zinaweza kuwa na vikosi vitatu vinne vya umri mmoja, cha kwanza ndio kinapigwa picha za mtandaoni, vingine vinalipa ada ile ile na vinafundishwa na kochi ambaye hata hukuambiwa jina lake. Kuomba kulipa kidogo kidogo au kupunguziwa nako ni kawaida, klabu nyingi zina nafasi kadhaa za hivyo na zinaziweka kimya kimya. Andrew McCutchen, mchezaji bora (MVP) wa National League 2013, moja ya ligi mbili za MLB, amesema wazi kwamba kwao Florida wazazi wake wasingeweza kugharamia travel, ni kochi mmoja alimuona akambeba. Kwahiyo omba, mbaya zaidi watasema hapana.

Tena uko mahali ambapo pesa nyingi mnaweza kuziokoa, sijui kama umeliona hilo. Watu wanatoka majimbo mengine wanasafiri siku nzima kuja LakePoint, ile sehemu kubwa ya viwanja vya mashindano pale Emerson, wewe kutoka Marietta ni mwendo wa nusu saa hivi barabara ikiwa wazi. Kuna timu za kwenu huko ambazo msimu mzima hazilali hoteli hata usiku mmoja na zinacheza na watoto wazuri sana kwa sababu watoto wazuri wanakuja wenyewe. Kwa mtu anayefanya kazi usiku wikiendi mbili kwa mwezi hiyo ndio timu, kwa sababu mechi ya saa mbili asubuhi Emerson mzazi mwenzio anaweza kumpitia kijana, ukatoka zamu ukalala ukaja mechi ya mchana, wakati mechi ya saa mbili Myrtle Beach, South Carolina, haina mbadala. Zamu zako na ratiba peaneni na wazazi wenzio mapema mwezi wa pili, wazazi wa travel kwa kubebeana watoto wako vizuri, hilo nawapa sifa zao. Ila kama Jumapili ni siku yenu ya kanisa jueni kabisa kwamba mtoano ni Jumapili, kuanzia asubuhi.

Jua la Georgia sina haja ya kukueleza, maji yaanze Ijumaa jioni, Jumamosi asubuhi tayari umechelewa, na radi ikisikika wanatoka uwanjani na hawarudi mpaka zipite dakika 30 toka mngurumo wa mwisho. Kochi anayewarudisha baada ya dakika kumi kwa sababu muda wa mechi unakwisha, mtoe mwanao mwenyewe, hata kama wote wanakuangalia.

Haya, Dar. Hapa nitasema ninachofikiri mimi na mtaamua wenyewe: nendeni. Shule za Cobb, kaunti yenu, zinafungua mwanzoni kabisa mwa Agosti, kwahiyo mkipoteza Julai hamna mwezi mwingine mpaka mwakani, na mwakani atakuwa 13U, uwanja unakua mkubwa zaidi na ratiba inakuwa ngumu kuliko hii. Bibi hana ratiba ya USSSA. Na ukiangalia ule mwongozo, ile miezi isiyo ya kurusha lazima itoke mahali, wiki nne za Dar ni sehemu yake, tena yenye maana, maana huku akibaki nyumbani bila timu utamkuta nyuma ya nyumba anarusha ukutani. Akianza kulalamika kwamba wenzake watamzidi mwambie kuna uwanja wa besiboli pale Azania Sekondari, uliojengwa kwa msaada wa Wajapani, muulizie siku wanayofanya mazoezi mumpeleke, vijana wa pale wanaujua mchezo. Apige, akimbie, acheke nao, mkono wa kurusha ubaki mfukoni.

Na kama shemeji bado anasema huu mchezo sio wetu, Uganda walifuzu kombe la dunia la Little League kule Williamsport mwaka 2011 wakanyimwa viza, 2012 wakafuzu tena, vijana wa Lugazi, wakaingia, timu ya kwanza ya Afrika kucheza pale. 

Cooperstown. Hapa nitakushangaza, kati ya vyote walivyokuandikia hicho ndio kimoja ningekilipia. Ni mara moja tu, umri wa 12, watoto wanalala pamoja na makochi kwenye mabweni, wanabadilishana beji na watoto wa majimbo mengine, jumba la kumbukumbu la besiboli liko hapo hapo mjini, na ukiwauliza vijana wa high school mechi gani ya utotoni wanaikumbuka wengi watakuambia ile wiki. Lakini bei ni zaidi ya dola elfu moja kwa mchezaji, familia inajitafutia pa kulala, na kutoka kwenu ni karibu maili elfu moja. Uliza mambo mawili: hiyo hela imo ndani ya 2,400 au ni juu yake, maana mara nyingi ni juu yake, na ni wiki gani. Mashindano yale yanaenda kiangazi kizima kwa wiki wiki, timu zikichagua wiki yao mapema. Ikiwa Juni, daktari akiwa amemruhusu, anaweza kwenda kama mpigaji na besi ya kwanza halafu Julai mkapanda ndege. Ikiwa Julai, chagueni Dar bila kugombana.

Kwahiyo mpango wenyewe ningeupanga hivi. Wiki hii daktari. Kochi umpe majibu ya daktari pamoja na ile meseji ya maswali, na umwambie wazi Julai hampo, mwombe bei ya Aprili mpaka Juni, timu nyingi zitakubali kupunguza kama nafasi haijajaa, na Julai wanachukua mchezaji wa kuazima, hilo ni jambo la kila siku kwao. Ligi ya mtaani na travel kwa wakati mmoja hapana, achague moja, kwa sababu hakuna anayejumlisha mipira ya huku na ya kule isipokuwa wewe, na wewe umetoka zamu ya usiku. Wakikataa mambo ya mkono, mshukuruni mrudi ligi ya mtaani mpaka Juni, halafu majaribio ya timu za mwaka unaofuata yanaanza mwisho wa Julai na Agosti, mtakuwa mmeshuka kwenye ndege, kiwiko kimepona, na wewe utakuwa unajua cha kuuliza. Deposit usitoe kabla daktari hajasoma hiyo eksirei, na ukitoa hakikisha mkataba umeandika inarudishwa mpaka tarehe ngapi mtoto akisimamishwa na daktari. Kama hakuna mstari huo, waandike, kisha ndio usaini.